FLUTI YA PILI: JINSI YA KUICHAGUA

Muhula uliopita, baada ya tamasha la muziki la shule yetu, wazazi wawili walimwendea mwalimu wetu wa muziki wakamwuliza: mtoto akishapiga fluti ya kujifunzia kwa miaka mitatu, je, ni wakati wa kumnunulia nyingine iliyo bora, na hiyo bora hujulikanaje? Mwalimu akacheka, akaninyoshea kidole, akasema, "Mwulizeni huyo, amehangaika na jambo hilo mwaka mzima." Niliwajibu kadiri nilivyoweza, lakini maneno ya kusimama uwanjani hayatoshi. Basi nimemwomba mhariri nafasi nieleze hapa.

Kwa wale wasioijua, fluti ni filimbi ndefu ya madini, yapata sentimita 67, ishikwayo kwa ubavu na kuelekea upande wa kulia wa mpigaji. Ina vipande vitatu ambavyo huunganishwa kila inapopigwa: kichwa, chenye tundu la mdomo, kiwiliwili, chenye vifuniko vingi vya kubonyezwa kwa vidole, na mguu, kipande kifupi cha mwisho. Kwetu Kwale Wadigo wanayo chivoti, filimbi ya mwanzi ipulizwayo ubavuni vilevile, na mimi nilifundishwa kwanza hiyo na babu yangu. Sisemi hivyo kwa kujisifu, ila kwa sababu chivoti na fluti ni ndugu. Hakuna ndani yake tete kama lile la zumari. Pumzi hutoka midomoni kama utepe, hugonga ukingo wa tundu, mara yaingia ndani mara yapita nje, upesi sana hata jicho lisingeweza kuifuata, na hewa iliyomo ndani ya bomba hutetemeka. Huo ukingo ndio uzaao sauti. Babu alipokuwa akitengeneza chivoti, matundu ya vidole aliyatoboa kwa dakika chache kwa chuma cha moto. Lakini tundu la mdomo alilichonga kutwa, akipuliza, akichonga, akipuliza tena. Nalimwona kama mtu mwenye uvivu. Jambo hili nitalirudia.

Fluti ya leo ilibuniwa na Theobald Boehm wa mji wa Munich huko Ujerumani, mpiga fluti ambaye pia alijifunza kazi ya usonara. Mwaka 1847 alitengeneza fluti yenye kiwiliwili kilichonyooka kama bomba la maji, upana wake wa ndani milimita 19, na kichwa kinachopungua kidogo kidogo kuelekea mwisho hata kufikia kama milimita 17. Fluti za viwandani siku hizi, za bei ndogo na za bei kubwa, zafuata mpango huo. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba fluti yake ya bei kubwa ni kitu kingine kabisa, usimwamini upesi. Mpango ni ule ule. Tofauti imo katika madini, katika kazi ya mikono, na zaidi ya yote katika jinsi tundu la mdomo lilivyokatwa.

Wauzaji huzigawa katika daraja tatu: ya wanaoanza, ya kati, na ya mafundi. Ile ya wanaoanza kwa kawaida ni ya madini yaitwayo fedha ya Kijerumani, jina ambalo limewadanganya wengi, kwani hamna fedha hata chembe. Ni shaba, nikeli na zinki, kisha juu hupakwa fedha nyembamba ili ing'ae. Katika daraja ya kati, aghalabu kichwa huwa cha fedha halisi, yaani sehemu 925 za fedha katika 1,000, na kilichobaki ni kama kile cha wanaoanza. Ukitaka mfano, kiwanda cha Yamaha cha Japani hupanga fluti zake kwa namba: za 200 hazina fedha ila ya kupakwa, za 300 zina kichwa cha fedha, na za 400 zina kichwa, kiwiliwili na mguu wa fedha. Viwanda vingine vina mipango inayofanana na huo. Mtu akijua hayo, maneno matamu ya dukani hayamchukui mbali.

Sasa nieleze yaliyonipata. Mama yangu huuza samaki wa kukaanga. Mwaka jana, zamu yake ya upatu ilipofika, alipata shilingi 60,000, na mjomba akaongeza 30,000. Mama akaniita jioni akaniambia, "Mwanangu, mwalimu wako amesema una kipawa. Haya, fedha ni hizi. Lakini ukinunua kitu kibovu, usinijie tena, maana zamu yangu nyingine ni mbali." Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimekwisha kuona katika simu ya mjomba picha ya fluti yenye vifuniko vya rangi ya dhahabu, nami moyoni nilikuwa nimeinunua.

Fluti niliyokuwa nikiipiga ilikuwa mali ya shule, namba 4 katika kabati, na kwa miaka mitatu nilikuwa nimeilaumu. C ya chini haikutoka. D ya chini ilitoka kama mtu mwenye kifua. Nilimwambia mjomba kwamba fluti hii haifai kitu. Mjomba hajui muziki, lakini kazi yake ni kutengeneza mashine, akaniuliza swali ambalo sikulitazamia: "Imepelekwa kwa fundi lini?" Hakuna aliyejua. Basi likizo ya Agosti tukapanda treni kwenda Nairobi, na kabla ya kuingia duka lolote tukaenda kwa fundi wa ala za muziki, mzee mpole mwenye miwani miwili, mmoja puani na mmoja kipajini.

Yule mzee hakuipuliza fluti kwanza. Alichukua karatasi ya kusokotea sigara, akakata kipande chembamba, akakiweka chini ya kifuniko kimoja, akafunga kifuniko taratibu, kisha akakivuta. Chini ya kila kifuniko kuna pedi, yaani kipande cha sufi iliyoshindiliwa, kilichofunikwa kwa utando mwembamba. Kama pedi yafunga sawasawa, karatasi hushikwa pande zote. Kama kuna mwanya, karatasi huteleza upande huo. Katika fluti yangu pedi nne zilikuwa na mianya. Nyingine alinionyesha jinsi ilivyovimba kwa unyevu, jambo ambalo sisi watu wa pwani twalijua hata katika milango ya nyumba zetu.

Kisha akatia kijiti cha kusafishia ndani ya kichwa. Kijiti hicho kina mkato milimita 17 kutoka ncha yake, nao ukikitia mpaka mwisho yafaa uonekane katikati ya tundu la mdomo. Wangu ulionekana pembeni kabisa. Maana yake kizibo kilichomo kichwani kilikuwa kimesogea, na kizibo kikisogea oktavu hazipatani. Kumbe nalisumbuka miaka mitatu na kizibo! Alifanya kazi siku mbili. Nilipoipuliza tena, C ya chini ilitoka pana kama honi ya meli ya Kilindini, nami nikaona haya kwa yote niliyoyasema juu ya ala ile isiyo na hatia.

Hivyo neno langu la kwanza kwa wazazi ni hili: msiinunue ya pili kabla ya kuitengeneza ya kwanza. Huwezi kumpima mgonjwa mbio. Huenda mkaona kwamba mtoto hahitaji fluti nyingine, na fedha zikabaki.

Kwangu mimi hazikubaki, na yafaa nieleze kwa nini, maana si haki kutumia akiba ya mzazi bila sababu. Niliporudi shuleni mwalimu alinipima. Aliniambia nipige noti moja ya juu kwa sauti kubwa, niipunguze mpaka iwe kama mnong'ono, lakini isishuke. Ilishuka. Ni tabia ya fluti: ukipuliza kwa nguvu sauti hupanda, ukipunguza pumzi hushuka, na mpigaji hurekebisha kwa midomo. Kisha mwalimu akaichukua fluti ile ile namba 4, akafanya yeye, na noti haikushuka ila kidogo tu. Nikajua kwamba sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yangu. Akaniambia niende nikafanye mazoezi ya noti ndefu miezi miwili, kila siku kabla ya maandalio ya jioni. Nilifanya, hata wenzangu wa bwenini wakachoka nami. Baada ya miezi hiyo miwili nilipiga mbele yake tena, mara kwa namba 4, mara kwa fluti yake yeye. Kwa yake nilifika kwenye mnong'ono. Kwa namba 4 palikuwa na ukuta, na hata yeye mwenyewe alipojaribu aliukuta ukuta huo mahali pale pale. Tena vyuma vya kuzungushia vifuniko vilikuwa vimelika, vikicheza na kugongana, na kwa hilo fundi alikuwa amekwisha kutuambia kwamba gharama yake haifai. Hapo mwalimu akasema, "Sasa nunua." Naona kipimo hiki ni kizuri kuliko kuhesabu miaka: ukuta ukiwa ndani ya ala, mwalimu naye ataugonga, ukiwa ndani yako, atapita.

Mwezi wa Desemba tukaenda tena Nairobi. Nilikuwa na orodha ya mambo ambayo nimeyasikia kwa watu, na karibu yote yalihusu vifuniko, hakuna aliyenitajia kichwa. Wengi husifu vifuniko vyenye matundu wazi. Katika fluti za namna hiyo vifuniko vitano vina tundu katikati, nawe hulifunga kwa ncha ya kidole. Wasemao husema huufunza mkono kukaa sawa, na kweli huufunza kwa ukali, kwani kidole kikikosea kidogo tu hewa yatoka na noti yafa. Wenye ujuzi huweza pia kutelezesha sauti toka noti hata noti, kama afanyavyo babu kwa chivoti. Lakini si alama ya ubora. Kama vidole ni vidogo, vizibo vidogo huuzwa vya kufunga matundu hayo, na unaweza kuondoa kimoja kimoja kadiri mkono ukuavyo.

Wengine husifu mguu mrefu, ule wa B. Huongeza noti moja chini, nusu toni tu, na uzito mwishoni kabisa mwa fluti, ambako mkono huona uzito upesi. Nimetazama vipande vyote nilivyopiga tangu kidato cha kwanza, na noti ile sikuiona hata mara moja. Mimi niliuacha. Lakini jambo ambalo watu hawalisemi sana nililipenda: kifuniko cha G kilichosogezwa nje kidogo kufuata kidole cha pete cha mkono wa kushoto. Katika fluti nyingine vifuniko vyote viko katika mstari mmoja, navyo vyapendeza macho, ila mwenye mkono mdogo kama wangu hukunja kiwiko mpaka kiume. Kuna pia kijichombo cha E. Mtu apigapo E ya oktavu ya tatu katika fluti ya kawaida, vifuniko viwili vya G hubaki wazi ilhali kingefaa kimoja. Kijichombo hicho hukifunga kile cha pili, na noti iliyokuwa ikivunjika hutoka bila ugomvi. Hicho ningelipia.

Sasa nirudi kwenye ukingo wa babu. Fundi wetu alikuwa na fluti mbili za kuuza kwa niaba ya wenyewe, nasi tulipata nyingine moja dukani, mpya, ambayo mwenye duka, bwana mwema, alitukubalia tuipeleke kwa fundi pamoja na karani wake. Mjomba akakaa kwenye kigoda, akanigeuzia mgongo. Nikapiga vitu vinne tu kwa kila fluti: C ya chini kwa upole, C shapu ya katikati, ambayo katika fluti nyingi hupenda kuwa nyembamba na kupanda, E ya juu, na wimbo mmoja wa polepole. Sikupiga mambo ya haraka, kwa sababu vidole vikikimbia sikio hudanganyika. Mjomba aliandika namba kwenye karatasi bila kujua ipi ni ipi. Tulirudia mara tatu kwa kubadili zamu.

Ile mpya, yenye kung'aa kuliko zote, mjomba aliiweka ya mwisho mara mbili. Ya kwanza, mara zote tatu, ilikuwa fluti iliyotumika, nyeusi nyeusi kwa kukaa sandukuni, yenye kichwa cha fedha. Ndipo fundi akatabasamu akafanya kitu ambacho nimekikumbuka tangu siku ile. Alikitoa kichwa cha fluti hiyo akakitia katika kiwiliwili cha namba 4, kwa kuwa zote mbili ni za kiwanda kimoja na vipimo vinalingana. Nikapiga tena. Mjomba, mgongo wake bado umegeuka, akasema, "Hiyo ndiyo ile ya kwanza." Haikuwa ile ya kwanza, ilikuwa fluti ya kabati letu yenye kichwa cha mwenziwe.

Mtu atadhani basi ni fedha iliyofanya kazi hiyo. Mwaka 1971 mwanafizikia mmoja wa Marekani, John Coltman, alitangaza matokeo ya jaribio lake: alitengeneza fluti tatu za umbo moja, moja ya fedha, moja ya shaba na moja ya mti, zikapigwa wasikilizaji wasizione, nao hawakuweza kuzitambua. Kwa hiyo mimi naamini kwamba anunuaye kichwa cha fedha hulipia zaidi mkono wa aliyelikata tundu kuliko madini yenyewe. Viwanda huweka kazi iliyo njema juu ya madini yaliyo ghali, ndiyo sababu viwili hivyo huenda pamoja. Wapo wapigaji wengi ambao watanipinga, na mwalimu wangu ni mmoja wao.

Tungeliweza kununua kichwa peke yake? Tuliuliza. Vichwa vilivyochongwa kwa mkono huuzwa peke yake, lakini bei tuliyotajiwa ilipita bei ya fluti nzima iliyotumika, na vyuma vya namba 4 vilikwisha lika.

Kabla ya kulipa, fundi aliikagua ile tuliyoichagua. Alishika kila kifuniko akakitikisa kwa upande asikie kama kinacheza. Alitazama kama kichwa chaingia kwa kubana kidogo, kisilegee wala kisilazimishwe. Alitazama maungio kama hayakupondeka, na kibamba cha mdomo kama hakikulika. Alipitisha karatasi yake chini ya kila pedi, akakuta mbili za kubadilishwa. Weusi wa fedha hakuujali kabisa. Alisema si ugonjwa, na akanikataza nisije nikaisugua kwa dawa ya kung'arishia sufuria, kwani dawa hiyo huingia kwenye vyuma ikala. Bei ilikuwa shilingi 78,000, na pedi mbili na kusafishwa kote 5,000. Mama alirudishiwa 7,000, na nadhani hilo lilimfurahisha kuliko sauti.

Mwenzangu mmoja wa shule nyingine hakufanya hivyo. Alinunua kwa kutazama picha, ala mpya isiyo na jina la kiwanda kinachojulikana. Katika muhula mmoja vifuniko vikapinda, kwa kuwa chuma kilikuwa laini, na fundi aliyempelekea akakataa hata kuigusa, akisema kila akinyosha itapinda tena. Baba yake bado analipa deni. Ala isiyokubaliwa na fundi haina bei, hata ikitolewa bure.

Jambo moja dogo kwa watu wa pwani. Joto huipandisha sauti ya fluti, na baridi huishusha. Ukiijaribu Nairobi asubuhi ya baridi, itaonekana iko chini. Ipulize kwanza ipate moto ndipo uipime kwa kile kipima sauti cha simu. Fluti nyingi za siku hizi hutengenezwa A yake ikiwa 442, na piano zetu nyingi hutengenezwa kwa 440, basi utakivuta kichwa nje kidogo, na nyumbani kwenye joto utakivuta zaidi. Angalia tu pawe na nafasi ya kuvuta. Tena ukimaliza, ifute maji ndani, na kitambaa chenye maji usikifungie sandukuni pamoja nayo, la sivyo pedi zitavimba.

Namba 4 imerudi kabatini, na sasa inapigwa na msichana wa kidato cha kwanza. Juma lililopita alinijia akilia kwamba D ya chini haitoki na kwamba fluti hii haifai kitu. Nikaenda kwa mwalimu kuchukua karatasi ya sigara, ambayo tangu Bibi matroni alipoikuta katika kabati langu la bwenini, na mambo yaliyofuata, hukaa katika mtoto wa meza yake mwalimu. Pedi ni moja tu, ile ya kidole cha pete cha kulia. Mjomba amesema ataipeleka kwa fundi likizo ijayo.